Bei ya stempu imepanda tena, hizi za zamani nizitupe?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi ni katibu wa chama cha kinamama wa Kitanzania hapa Columbus, Ohio. Tuko wanachama sitini. Kila mwaka natuma kadi mara tatu hivi: za sikukuu, za mwaliko wa sherehe yetu, na nyingine za pongezi au rambirambi panapotokea jambo. Mbali na hizo namwandikia mama yangu aliyeko Muheza, Tanzania, maana yeye habari za simu hazimtoshi, anataka karatasi aishike, kisha asomewe tena jioni. Kwenye droo ya chama nimekuta stempu za kila namna: zilizoandikwa Forever, zenye tarakimu 34, 37 na 39, chache zenye herufi tu bila bei, na nyingine za duara. Barua sasa ni senti 78. Je, hizi za zamani zimeshakufa? Ninunue nyingi kabla bei haijapanda tena? Kwa nini inapanda kila mara? Na mbona mialiko ya mwisho, kadi nzuri za mraba zenye utepe, nilibandika Forever moja kila bahasha na bado kumi na tisa zikanirudia?

JIBU: Dada yangu, naanza na swali lako la mwisho. Umeliweka mkiani kana kwamba ni bahati mbaya ya siku moja, kumbe hapo ndipo fedha za chama zinapovujia. Kupanda kwa bei kumekuongezea senti tano kwa kila kadi. Bahasha ya mraba inakuongezea senti 49.

Nilisimama nyuma ya kaunta ya posta hapa Marekani kwa miaka kadhaa. Kila ulipofika msimu wa harusi na mahafali, Mei na Juni, nilikuwa najua shida ya mteja kabla hajafungua mdomo. Anaingia na mfuko umejaa bahasha za mraba, nzito, zina nta ya mhuri nyuma au lulu za plastiki mbele, na zote zimeshabandikwa stempu moja moja. Mtu ametumia mamia ya dola kwa kadi zenyewe, halafu ni mimi wa kumwambia kwamba kila bahasha imepungukiwa. Sikuwahi kuizoea ile sura anayoifanya mtu akisikia hivyo.

Sababu yenyewe ni mashine. Barua hupangwa na mashine zinazozipitisha zikiwa zimesimama kwa upande wao mrefu, maelfu kwa maelfu kila saa. Mashine inategemea bahasha iwe na upande mrefu na upande mfupi. Hapo ndipo inapojua stempu iko pembe ipi na anwani imelala vipi. Mraba hauna upande mrefu. Unabingirika, unakaa ubavu, na anwani inaielekea mashine ikiwa imesimama wima. Kwa hiyo kanuni ya Posta inasema ukigawa urefu wa bahasha kwa kimo chake, jibu liwe kati ya 1.3 na 2.5. Mraba hutoa 1. Utepe wenye fundo nao ni kosa la pili, na vivyo hivyo kifungo, kamba, nta nene au kitu kigumu kisichopinda, kwa kuwa bahasha huzungushwa na kukunjwakunjwa kwenye mikanda na magurudumu. Bahasha za namna hiyo hupangwa kwa mkono, na kazi ya mkono ndiyo inayolipiwa senti 49 juu ya bei ya kawaida.

Basi mwaliko wako ulidaiwa 78 na 49, yaani dola 1.27, wewe ukalipa 78. Na kama kadi, bahasha ya ndani na kile kikadi cha kujibu vilizidi aunsi moja (gramu 28 hivi), ongeza senti 29. Inafika dola 1.56. Hapo imetokea kwa bahati kwamba ni sawasawa na Forever mbili (kila moja hulipa bei ya barua ya siku hiyo), jambo zuri kukumbuka siku ukishikwa na bahasha nzito ya mraba na dirisha la posta limefungwa.

Utauliza mbona zile arobaini na moja zilifika. Zilipita tu. Hakuna mtu anayekagua kila bahasha. Nyingine mashine ilizimudu, nyingine karani alikuwa na haraka. Usilichukue hilo kama ruhusa. Tena afadhali zile zilizorudi kwako, kwa sababu njia nyingine ya Posta ni kumfikishia mpokeaji na kumdai yeye upungufu, na si vizuri mgeni alipe senti ili apewe mwaliko wako.

Sasa tupige hesabu ya mialiko hiyo sitini. Kwa kuwa ya mraba tu, inakugharimu dola 29.40 zaidi ya kadi sitini za mstatili zenye maneno yaleyale. Bei ilipotoka senti 73 ikafika 78, tarehe 13 Julai 2025, kadi hizohizo sitini ziliongezeka dola 3. Ndiyo maana nakuambia kuizoea bei mpya kunaanzia duka la kadi, unapochagua bahasha. Kadi ya inchi 5 kwa 7 na bahasha yake ya kawaida hupita bila tatizo. Utepe, kama kinamama wanaupenda, uchapishwe kama picha juu ya kadi. Na kama kwa tukio fulani mmeamua mraba ni mraba, muulize karani stempu yenye picha ya kipepeo, iliyotengenezwa kwa ajili ya bahasha hizi. Inauzwa dola 1.27, nayo haina tarakimu ya bei, hivyo thamani yake inapanda kila bei inapopanda, kama Forever.

Uzito ni ndugu wa umbo, na wengi wanaukisia. Hauhitaji kukisiwa, wala huhitaji mizani ya kununua. Aunsi moja ni gramu 28.35. Sarafu ya robo dola ina gramu 5.67. Zidisha kwa tano: 28.35. Sarafu tano za senti 25 ni aunsi moja kamili. Laza penseli mezani, weka rula juu yake mpaka ikae sawa, panga sarafu tano ncha moja na bahasha ncha ya pili kwa umbali uleule kutoka kwenye penseli. Bahasha ikizama, inadai senti 29 zaidi. Nimewaonyesha hivi watu wengi pale kaunta, na watoto wao ndio waliofurahi zaidi.

Ukishaizoea hesabu hiyo hutapima kila kitu. Bunda la karatasi 500 za kawaida za printa hapa Marekani lina pauni 5, kwa hiyo karatasi moja ni gramu nne na nusu hivi. Bahasha ndefu ya ofisi ni gramu sita au saba. Karatasi nne ndani yake zinapita kwa stempu moja. Ya tano inavuka mstari. Karatasi nne ukiziandika mbele na nyuma ni kurasa nane, na sijui muhtasari wa kikao cha chama unaohitaji zaidi ya hapo. Na muhtasari huo usiutie kwenye bahasha kubwa ya kahawia eti usikunjike. Bahasha kubwa ina bei yake tofauti, inayoanzia dola 1.63. Karatasi zilezile, zikikunjwa mara tatu na kutiwa kwenye bahasha ndefu, ni senti 78. Bahasha kubwa iwekee vyeti na picha, vitu ambavyo kweli havikunjwi.

Tuje kwenye droo. Hakuna stempu iliyokufa humo. Stempu za Marekani za kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe ndizo zilizofutwa, mwaka 1861, ili majimbo ya Kusini yaliyojitenga yasiweze kuuza akiba iliyobaki mikononi mwao. Zilizotoka baada ya hapo zinalipa mpaka leo, mradi hazijapigwa mhuri wala kuharibika. Gundi ikiwa imekauka, paka gundi ya kawaida nyuma. Usipitishe selotepu juu ya stempu. Wino wa mhuri haushiki hapo na Posta haiikubali.

Ila zinatofautiana kwa thamani, na hapo ndipo watu wanapopoteza.

Zenye neno Forever ni rahisi. Zilianza 2007, ya kwanza ikiwa na picha ya Kengele ya Uhuru ya Philadelphia, na iliuzwa senti 41. Aliyeinunua siku hiyo akaisahau kwenye Biblia au msahafu, leo inapeleka barua ya senti 78. Tangu 2011 karibu stempu zote za barua za kawaida ni za aina hii, ndiyo maana vijana hawajui stempu yenye namba.

Zenye tarakimu zinabaki na tarakimu yake. Ya 34 ni senti 34, basi. Hizo ni za bei za mwaka 2001, 2002 na 2006 kwa mpangilio wako: 34, 37, 39. Na sasa una bahati ambayo wengi hawaioni. Mbili za 39 ni 78 kamili. Barua moja ya bei hii ni barua mbili za 2006, sawasawa bila kubaki senti. Bandika mbili mbili mpaka ziishe. Za 37, mbili ni 74. Nunua dirishani vile vistempu vidogo vya senti chache, ongeza vya senti 4. Za 34 usizimalize kwanza, nitazirudia.

Zenye herufi ndizo za hatari. Zamani Posta ililazimika kuchapa stempu kabla bei mpya haijapitishwa, ikaweka herufi mahali pa bei. Kwa kuwa hazina namba, watu huzidhania ni Forever. Si Forever. A ya mwaka 1978 ni senti 15, B ni 18, C ni 20, D ni 22, E ni 25, F ni 29, G ni 32, na H ya mwaka 1998 ni 33. Andika orodha hiyo kwenye kipande cha karatasi ukibandike ndani ya droo, ili katibu atakayekuja baada yako asibandike H moja na kudhani amelipa barua nzima.

Za duara ni za nje ya nchi. Zinaitwa Global Forever, zilianza 2013 kwa dola 1.10 na sasa zinahesabiwa dola 1.70. Moja inapeleka barua ya aunsi moja nchi yoyote duniani, Muheza ikiwamo. Ukiibandika kwenye kadi ya mwanachama wa Cleveland umetupa senti 92.

Je, ununue nyingi? Forever nunua, ndiyo, lakini kwa kipimo. Kadi zako ni 180 kwa mwaka. Kama ungezinunua zote kabla ya Julai 2025 kwa senti 73, ungetoa dola 131.40 na kuokoa dola 9. Ni akiba nzuri, siidharau. Lakini ukinunua za miaka mitano umefungia mamia ya dola za michango kwenye karatasi inayoweza kulowa, kupotea, au kuhama na mtu anayehama. Posta hairudishi fedha za stempu ulizochoka nazo. Za mwaka mmoja zinatosha. Na ziandikwe kwenye daftari la mweka hazina kama fedha taslimu, idadi iliyopo na iliyotumika, kwa sababu ni fedha.

Wala huhitaji kukimbilia dirishani kwa uvumi wa WhatsApp. Kabla ya kupandisha bei ya barua, Posta hupeleka maombi yake kwa tume inayoidhibiti, na umma unatangaziwa miezi kama mitatu kabla. Bei ya Julai 2025 ilitangazwa Aprili 9. Ukisikia tangazo rasmi, una wiki nyingi za kununua kwa bei ya zamani. Mwaka 2023 na 2024 ilipanda mara mbili kila mwaka, Januari na Julai, na watu wakazoea kuingojea Januari kwa hofu. Januari 2026 barua ikaachwa palepale kwenye 78.

Ukiona kwenye mtandao mtu anauza rola la Forever mia moja kwa nusu bei, kimbia. Rola halali la mia ni dola 78, na wauzaji halali wakipunguza hupunguza kidogo sana. Hizo za nusu bei ni bandia, zimejaa kwenye matangazo ya Facebook na masoko ya mtandaoni, na zimechapwa vizuri kiasi kwamba hata mimi huhitaji taa ili kuzitambua. Kanuni ya Posta ni kwamba barua yenye stempu bandia inahesabiwa kuwa imetelekezwa: hairudi kwako, haimfikii mwenzako, Posta inaifanya itakavyo. Fikiria rambirambi sitini zikiishia hivyo. Kwenye hili sina maneno ya katikati, nunua posta yenyewe, au duka la dawa na supamaketi zinazouza kwa bei kamili.

Njia nyingine zinazotajwa hazikufai sana. Kulipia kwa mtandao na kuchapa alama ya malipo mwenyewe hushusha barua hadi senti 74, lakini kwa kadi 180 hiyo ni dola 7.20 kwa mwaka, na ada ya kampuni hizo hulipwa kila mwezi. Bei za jumla za Posta zinaanzia vipande 200 kwa mkupuo, pamoja na kibali chake. Ninyi ni sitini. Ila kadi ya posta, ile isiyo na bahasha, ni senti 61. Kwa tangazo la kikao au ukumbusho wa mchango inafaa kabisa: isizidi inchi 4¼ kwa 6, na usiandike humo jambo ambalo hutaki mwenye kuipeleka alisome. Rambirambi usiipeleke hivyo, hata kama ni rahisi.

Umeuliza kwa nini inapanda kila mara. Posta ya Marekani hujiendesha kwa mauzo yake, si kwa kodi. Mwaka 2001 barua za daraja la kwanza, yaani hizi za kawaida, zilizidi bilioni 100. Siku hizi hazifiki bilioni 50. Lakini nyumba za kufikisha hazikupungua, zinaongezeka kila mwaka, na sasa anwani ni zaidi ya milioni 160, zinazotembelewa siku sita kwa wiki. Mpeleka barua anapita mtaa uleule, mlango uleule, na begi lenye nusu ya barua. Kila barua iliyobaki inabeba gharama kubwa zaidi ya safari. Sheria ya mwaka 2006 ilikuwa imefunga ongezeko la bei lisizidi mfumuko wa bei, kisha mwishoni mwa 2020 tume ya udhibiti ikaruhusu nyongeza juu ya hapo. Tangu Agosti 2021 ndipo tukaona ngazi hii: 58, 60, 63, 66, 68, 73, 78.

Si Marekani peke yake. Uingereza, stempu ya daraja la kwanza ilikuwa peni 85 mwaka 2021, na kufika Aprili 2025 ni pauni 1.70, mara mbili kamili ndani ya miaka minne. Denmark wamekwenda mbali zaidi: shirika lao la posta, PostNord, liliacha kabisa kupeleka barua mwishoni mwa 2025, baada ya huduma ya miaka 400. Nilipoisoma habari hiyo niliumia, nakiri. Hapa, kwa senti 78, kadi yako bado inatoka Columbus ikafika kisiwa cha mwisho cha Hawaii kwa bei ileile ya kuipeleka mtaa wa pili, na mimi naona bado ni bei ya haki.

Nimemwacha mama wa Muheza makusudi, ili nimpe nafasi yake.

Barua yake ni dola 1.70 mpaka aunsi moja. Kurasa zako nane zinaingia humo, kwa kipimo cha sarafu tano kilekile. Ukitumia Forever za kawaida, mbili ni dola 1.56, bado senti 14. Watu hubandika tatu kwa kukosa hesabu na kupoteza senti 64. Ndani tia maandishi tu. Tangu Januari 2018 barua ya kwenda nje haipokelewi ikiwa na bidhaa, hata iwe leso, hereni au kifaa kidogo cha simu. Hivyo vinakwenda kama kifurushi, vina fomu ya forodha na bei nyingine kabisa. Noti usitie. Fedha zina njia zake, na mama anazijua kuliko mimi.

Anwani andika kama anavyoijua yeye: jina, S.L.P. na namba yake, Muheza, Tanga, na mstari wa mwisho peke yake TANZANIA kwa herufi kubwa. Mashine za hapa huangalia mstari huo wa mwisho tu. Yaliyo juu yake yanasomwa na watu wa nyumbani. Kama sanduku si lake bali ni la shule, msikiti, kanisa au la jirani, anza na jina lake kisha "kwa" na jina la mwenye sanduku. Na muulize mwenye sanduku kama ada ya mwaka imelipwa. Barua nyingi ambazo watu huniambia "zimepotea posta" zilifika mpaka kwenye sanduku ambalo halikuwa tena na mwenyewe.

Mama hatadaiwa kitu. Tangu ulipoundwa Umoja wa Posta Duniani mwaka 1874, stempu ya nchi inakotoka barua ndiyo inayoheshimiwa njia nzima, na siku hizi mashirika ya posta yanalipana yenyewe kwa kazi ya kufikisha. Lakini utaratibu huo una upande wa pili ambao watoto wenye huruma husahau: usimwekee mama stempu ya Marekani ndani ya bahasha ili akujibu. Akiibandika Muheza ni picha tu. Kuponi za kimataifa za kulipia jibu zilikuwapo kwa ajili hiyo hasa, lakini Posta ya hapa iliacha kuziuza mwaka 2013. Mpe mtu wa karibu naye fedha ya stempu ya Tanzania, na umtumie bahasha yenye anwani yako imeshaandikwa kwa mkono unaosomeka, isiyo na stempu. Hiyo inaruhusiwa, ina uzito mdogo, na inamwondolea kazi ya kunakili majina ya mitaa ya Ohio.

Na zile za 34 nilizokuambia uziache: tano ni dola 1.70 kamili. Zipange pembe ya juu kulia, mbili juu, tatu chini, zisipandane, maana iliyofunikwa haihesabiwi. Bahasha ndefu ina nafasi ya kutosha. Kwa kuwa zimetoka kwenye droo ya chama, weka dola 1.70 kwenye mfuko wa mweka hazina siku hiyohiyo, na ziandikwe kwenye lile daftari.